Siku Jaji Alipojitoa

Niliwahi kuamini, tena si kijuujuu, niliamini kwa moyo, kwa maini na kwa figo zote mbili, kwamba jaji akijitoa kwenye rufaa ya mfungwa, basi mfungwa huyo ameshashinda. Eti jaji hulichukua jalada akalisoma nyumbani kwake, akakuta mtu hana kosa, machozi yakamtoka mpaka yakalowesha kurasa, lakini kanuni inamkataza kumwachia mtu akiwa na huruma. Basi anajitoa kiungwana, na huyo wa pili anayeletwa kazi yake ni kugonga muhuri tu. Na kule gerezani, tangu siku hiyo, mfungwa anahamishiwa chumba cha wanaosubiri kwenda nyumbani: godoro lake peke yake, blanketi mbili, na kila asubuhi chai ya maziwa.

Habari hii niliipata kijiweni Sombetini, kwa dereva wa bodaboda ambaye binamu yake aliuza karanga karibu na mahakama. Mtu akiuza karanga karibu na mahakama, sisi tulimhesabu kuwa nusu wakili. Na mimi sikuwa mtu wa kudanganywa ovyo. Nilikuwa nimesoma. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, kwenye shule moja ya msingi kule Daraja Mbili, nimekaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili magoti yakinigusa masikio. Uraia nilipata D, lakini D iliyonenepa, D ambayo ukiitazama kwa mbali unaweza kuisalimia kama B. Kwa hiyo niliposikia habari ile sikuimeza kama kasuku. Niliichambua kisomi, nikaona ina mantiki, ndipo nikaimeza.

Mfungwa mwenyewe alikuwa kaka yangu.

Tulizaliwa wawili tu. Baba alitangulia zamani, mama yuko mlimani Nkoaranga na migomba yake na kahawa yake, na sisi tulishuka mjini, kaka kwanza, mimi nikamfuata kama mkia. Tulijenga vyumba viwili Sombetini. Yeye ni mwashi, mimi ni fundi rangi, maana yake yeye anausimamisha ukuta na mimi naufundisha adabu. Jioni, akitoka kazini, alikuwa ananipitia shuleni turudi pamoja. Si kwamba nilikuwa naogopa. Ila barabara ile ilikuwa na mbwa ambao hawakusoma.

Ndivyo ilivyokuwa hata jioni ile duka la mtaa wa pili lilipovamiwa. Mwenye duka alikatwa panga mkononi, na akasema amemtambua mmoja wa wavamizi: yule mwashi mrefu. Kaka ni mrefu kweli, akisimama Sombetini kivuli chake kinapanda Mlima Meru. Lakini saa ile alikuwa nje ya dirisha la darasa letu, akinisubiri. Nilisimama mahakamani nikashika Biblia, nikasema hivyo hivyo. Hakimu akaandika kwamba mimi ni ndugu wa damu, tunaishi nyumba moja, na ndugu hatarajiwi kusema vinginevyo. Unyang'anyi wa kutumia silaha. Miaka thelathini.

Kaka akakata rufaa Mahakama Kuu, akiwa huko huko ndani, kama wanavyofanya wasio na wakili. Mimi nikarudi kwenye vyumba viwili.

Watu wanajua kwamba mimi ni mchekeshaji. Kwenye kazi mafundi wenzangu wanacheka mpaka wanadondosha brashi. Lakini mzaha unataka mtu wa pili. Ukiusema peke yako ndani ya chumba, unasikia jinsi chumba kilivyo kikubwa. Nilikuwa napika ugali wa watu wawili kwa sababu mkono haukujua kupika wa mtu mmoja, na paka wa jirani akanenepa hadi wakadhani ana mimba, naye ni dume. Mabuti ya kaka nilikuwa nayatoa nje Jumapili yapigwe jua, nayasalimia, nayarudisha. Nikiwa kazini juu ya ngazi, nikipaka ghorofa ya mtu, mlima nauona, na naujua mgongo ule ambao chini yake yuko mama. Nikigeuka, naona upande lilipo gereza. Nilikuwa nasimama katikati yao na ndoo ya rangi, nikipiga mluzi.

Kisha rufaa ikapangiwa jaji. Jina nililiona limebandikwa mahakamani nikampigia mama, kumpa habari tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula ng'ombe mzima. Mama, kesi ya kaka imepata jaji." Nikamtajia.

Mama akalirudia jina lile. Halafu akapiga kelele ambayo kama nisingeondoa simu sikioni, leo ningekuwa kiziwi.

"Huyo ni wetu! Mama yake na mimi ni watoto wa ndugu wawili! Huyo mtoto si ndiye aliyekwenda kusoma Dar es Salaam akapotelea huko? Mwanangu, kesi imekuja nyumbani!"

Kwa asiye mtu wa kwetu, lazima nieleze furaha ile. Kule mlimani shauri la mtu husikilizwa na ukoo wake. Wanaokaa ni wanaokujua wewe na waliomjua babu yako, wanajua mwaka uliokuwa ukiiba ndizi mbivu za jirani na mwaka ulioacha. Mtu asiyekujua atakuamuaje? Ataanzia wapi? Mama tangu mwanzo hakuielewa mahakama ya mjini, mwanawe kuwekwa mbele ya mgeni anayemuuliza jina lake. Sasa Mungu amemrekebishia.

Kesho yake, kabla umande haujakauka, alikwenda mpakani mwa shamba akakata isale. Ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka, na jani lake ndilo linalopelekwa mtu anapomwendea mwenzake kwa ombi zito. Isale ikishafika mlangoni, mwenye nyumba hawezi kukufukuza. Mama akalifunga fundo, akajitwika mkungu wa ndizi, akashuka na vijia vile na magoti yake mabovu mpaka kwa yule mama mwenzake, mama wa jaji.

Aliponiambia, Uraia wangu ulinisukuma kuuliza. "Lakini mama, si isale ni ya mtu aliyekosa? Kaka hajakosa."

"Isale ni ya kuomba, baba. Nimeomba mtoto wangu asikilizwe. Kuomba kusikilizwa nalo ni kosa?"

Nikamuuliza kama mkungu ulifika salama. 

Siku ya rufaa niliamka na jogoo ambao bado hawajazaliwa. Mama magoti yalimkatalia safari, kwa hiyo jeshi zima la ukoo nilikuwa mimi. Kwa bahati mbaya nilipitia kazini kumalizia dari, na nilipofika kwenye geti la mahakama, ovaroli imetapakaa rangi, askari akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wewe unakwenda wapi na hiyo krimu?"

"Si krimu, afande, ni maziwa ya tembo. Ndiyo jina la rangi."

"Maziwa ya tembo au ya nyati, humu huingii na ovaroli. Nenda kabadilishe."

Nikakimbia. Nikamkuta fundi cherehani barabarani, akaniazima suruali ya mteja wake, na ilikuwa fupi kiasi kwamba kwa mbali nilionekana mwanafunzi. Nilipoingia ndani, kaka alikuwa amesimama peke yake mbele, amekunja mikono nyuma. Na jaji, mtu mwenye paji la uso kama la mama yangu, haki ya Mungu, paji lile lile, alikuwa anamalizia kusema:

"…ili haki itendeke na ionekane imetendeka, najitoa. Jalada lirudi kwa Jaji Mfawidhi lipangiwe jaji mwingine."

Akainuka. Sote tukainuka. Alipita mlango wa nyuma bila kugeuza shingo. Askari magereza wakamchukua kaka. Tulipotazamana alinyanyua nyusi tu, kama anavyofanya ukuta ukitoka kombo.

Nilibaki kwenye benchi. Sikujua kama nilie au nipige makofi. Karani akaita kesi nyingine, watu wengine wakasogea mbele, na hapakuwa na mtu hata mmoja katika chumba kile ambaye ningemgusa bega nikamuuliza, jamani, hii maana yake nini?

Ndiyo maana nilikwenda kijiweni. Na kijiweni, kama nilivyosema, nikapewa jibu lenye godoro, blanketi mbili na chai ya maziwa.

"Akajitoa mwenyewe?" dereva wa bodaboda aliniuliza.

"Mwenyewe. Kwa mdomo wake."

"Fundi, nunua mbuzi. Huyo katoka."

Sasa weka mambo hayo pamoja: isale ya mama isiyokataliwa, jaji wa ukoo, jaji kujitoa. Nani asingeamini? Nilimpigia mama, akaimba pambio zima kwenye simu, beti zote. Nikawaambia mafundi, nikawaambia waimbaji wenzangu wa kwaya, nikamwambia na paka.

Siku ya kutembelea wafungwa nilikwenda nimevaa kama bwana harusi. Mnasimama kwenye waya, wao upande ule, nyinyi upande huu, kila mtu anampigia kelele wa kwake, huelewi nani anaulizwa habari za ng'ombe na nani anaulizwa habari za talaka. Kaka alikuja na zile nguo za rangi ya machungwa. Rangi ile, mimi kama fundi, nisingeipaka hata chooni.

"Kaka! Umeshahamishwa chumba?"

"Chumba gani?"

"Kile cha wanaosubiri kwenda nyumbani! Chenye godoro!"

Akaniangalia. Kaka anaweza kuuangalia ukuta kabla ya kuweka pima maji, na akakwambia umepinda wapi. Aliniangalia hivyo, mashavu yangu, kola yangu iliyokuwa kubwa kwa shingo. Watu walikuwa wanapiga kelele kulia na kushoto.

"Eh," akasema. "Godoro lipo."

"Na chai ya maziwa?"

"Ipo."

"Kila asubuhi?"

"Mpaka tunamwaga, dogo. Mama mzima?"

"Mzima! Anaimba!"

"Basi mwache aimbe," akasema, na kengele ikagongwa.

Nilirudi mjini nikicheka peke yangu barabarani.

Nilianza na chumba chake. Nilikipaka bluu ya mbingu, maana aliyekaa ndani muda mrefu anahitaji mbingu. Mvua za masika zikaja, ukuta ukavuta unyevu, nikapaka tena. Hakuna tarehe iliyopangwa. Mvua zikaondoka, vumbi la Sombetini likaingia kwa chini ya mlango, nikapaka mara nyingine, mpaka nadhani chumba kile kilipungua ukubwa kwa unene wa rangi. Kila asubuhi nilikuwa nachemsha maziwa, nikinywa najua kwamba naye saa hiyo anakunywa. Ilikuwa kama tunakaa meza moja. Sijui niseme vipi. Hicho kikombe ndicho kilichonivusha mwaka ule.

Kijiweni wakaanza kunichoka. "Wakili wa karanga," wananiita, "mgeni wako kapotea njia?" Nikawajibu kwamba muhuri wa Mahakama Kuu ni mzito, unabebwa na watu wanne, taratibu. Walicheka. Nikafika nyumbani, nikafungua mlango wa chumba cha bluu, nikafunga.

Jaji wa pili alipopangwa hatimaye, nilifika mahakamani mapema, suruali ndefu. Kwa lafudhi alikuwa mtu wa mwambao, mfupi, na kikohozi kinamsumbua. Hakumtazama kaka hata kidogo. Alitazama karatasi. Mimi nilijinyoosha pale benchi ili aone kwamba mtu huyu ana watu wake, lakini hakuinua macho. Akamuuliza Wakili wa Serikali: huyu mwenye duka anasema alimtambua mshitakiwa kwa mwanga. Mwanga wa nini? Taa, tochi, mwezi? Ulikuwa mkali kiasi gani? Walisimama umbali gani? Na alimjua kabla ya hapo, au alimjua kwa urefu tu? Katika ushahidi wote, hakuna aliyesema.

Wakili wa Serikali akainuka, akatazama karatasi zake pia, akasema kwa hoja hiyo hawaipingi rufaa.

Jirani yangu wa benchi, mama mmoja aliyekuja kwa kesi ya mwanawe, nilimnong'oneza: "Unaona? Anagonga muhuri tu. Wa kwanza ndiye aliyemaliza kazi."

"Eti?" akasema.

"Ndiyo sheria ilivyo."

Siku ya hukumu alisoma habari za mwanga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa hukumu ya taa. Hakuna mstari uliosema kwamba kaka yangu ni mtu mwema, kwamba alinipitia shuleni kila jioni, kwamba hajawahi kumpiga hata mbwa wa barabara ile. Hata mimi, shahidi wa utetezi, nilitajwa kwa kupita, kama mtu aliyekatiza uwanja watu wakicheza mpira. Kisha akasema hukumu ya chini inafutwa, adhabu inatenguliwa, aachiwe huru isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Hilo "isipokuwa" lilipanda nami daladala. Nilikaa nalo njia nzima mpaka kwenye geti la gereza, mpaka nilipomwona akitoka na shati alilokamatwa nalo, limemning'inia kama limeanikwa.

 Alinishika kichwa kwa mkono mmoja, kama mtu anapima tikiti maji.

Nyumbani alisimama mlangoni mwa chumba chake. "Umepaka bahari," akasema.

"Mbingu."

"Haya. Mbingu." Akakaa pembeni ya kitanda, kwa ncha, kama mgeni.

Asubuhi nikamchemshia chai ya maziwa, tangawizi, sukari ya kutosha kumuua nyuki. "Ili usiachishwe mazoea ghafla," nikamwambia. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa taratibu, amefumba macho. Akaomba kingine. Akaomba kingine. Nikacheka, nikamwambia gerezani walimdekeza vibaya. Akatabasamu ndani ya kikombe.

Tukapanda Nkoaranga. Mama alimshika miguu kwanza, halafu mikono, halafu masikio, kama anayehakiki kwamba wamemrudisha na vipande vyote. Alipika loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, ya kulisha usharika. Majirani wakaja, wakaimba, na mama akawasimulia isale yake mara nyingi kuliko majani ya migomba yote ya Meru: alivyolifunga fundo, alivyoteleza kwenye kile kijia, jaji alivyoshindwa kulikataa akasimama akaondoka, kazi ikawa imekwisha. Na mimi, msomi, nilikuwa nathibitisha kwa kutikisa kichwa. "Ndiyo sheria ilivyo."

Nilikaa siku chache, kazi ikaniita. Nikafunga begi langu, nikamtafuta kaka ili afunge lake. Nilimkuta nyuma ya nyumba anajenga upya ukuta wa banda la mbuzi uliokuwa umelala.

"Twende basi," nikasema, "giza lisitukute njiani."

Akaweka jiwe. Akalipima kwa jicho. "Dogo, mimi nabaki."

"Mpaka lini?"

"Nabaki tu. Magoti ya mama unayaona. Na kule mjini kila duka likivunjwa watatafuta mtu mrefu." Akajifuta mikono. "Kile chumba tafuta mpangaji. Ni kizuri."

Akachukua begi langu akalitia begani, akanisindikiza kushuka. Kile kijia kina mteremko wa kung'oa kucha.  Alikuwa anatembea mbele kidogo, kama zamani tukitoka shuleni, na mimi nikaanza kuongea ili nisije nikalia, nikaongea juu ya isale, kwamba hata huyo mpangaji nitamwambia kwamba chumba hiki kilikuwa cha mtu ambaye jaji mzima alisoma jalada lake akalia, akajitoa, akaagiza apewe chai ya maziwa.

Kaka akasimama. Akaliweka begi chini.

"Hakukuwa na chai ya maziwa," akasema.

"Ulisema mnamwaga."

"Nilikuona umekonda. Hakukuwa na maziwa, wala godoro, wala chumba. Nilikuwa pale pale."

Kahawa pembeni ilikuwa imechanua. Nakumbuka harufu yake.

"Na yule jaji?"

"Yule jaji hakulia. Alinieleza mbele ya wote kabla hujaingia, wewe ulikuwa getini unabadilisha suruali. Alisema yeye ni ndugu yetu upande wa mama, na kwamba ombi la familia yetu limepelekwa nyumbani kwa mama yake. Mtu wa kwenu haruhusiwi kukuamua. Hakusema nina kosa, hakusema sina. Jalada likarudi kwenye foleni, nikakaa ndani mpaka akapatikana asiyenijua. Ni hivyo tu, dogo. Mama usimwambie."